Virusi vinapopindisha uso: saa 72 zinazoamua

Juni 2022 mwanamuziki Justin Bieber aliwaonyesha mashabiki wake kwa video kwa nini ameahirisha maonyesho yake. Alipotabasamu, mdomo ulipanda upande mmoja tu. Jicho la kulia lilikataa kupepesa. Hata tundu la pua la upande huo halikucheza. Kisha akataja sababu: virusi vilivyoshambulia mshipa wa fahamu wa sikioni na usoni, ugonjwa uitwao sindromu ya Ramsay Hunt.

Kijana wa Temeke au Kisauni akiamka na uso kama huo, majibu huwa tele kabla hajanawa. Huyu anasema kalala na feni usoni. Yule anasema kapitiwa na upepo mbaya. Wa tatu anashusha sauti na kuuliza kagombana na nani kazini. Mjomba aliye mbali akipigiwa simu anatamka kiharusi, na nyumba nzima inaingia kiwewe. Anatafutwa mtu wa kumkanda, halafu wa kumwombea, halafu wa kumwagua. Hospitali inakumbukwa wiki ya pili.

Hapo ndipo penye hasara. Kuhusu uso unaopinda ghafla, wanasayansi wangali wanabishana juu ya mengi, ila jambo moja wamelimaliza: kuna dawa inayosaidia, na inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu dalili ya kwanza. Ili kuelewa kwa nini saa hizo zina uzito, inabidi kuvifuata virusi hadi ndani ya mfupa wa nyuma ya sikio.

Neva ndani ya mfupa

Kila upande wa uso huendeshwa na mshipa wake wa fahamu. Madaktari huuita neva ya saba, kwa kuwa ni wa saba kati ya jozi 12 za neva za kichwani. Kabla ya kuufikia uso, neva hii hupenya kwenye mfupa wa kichwa karibu na sikio kupitia mfereji unaojipinda. Mahali penye ufinyu zaidi, upana wa mfereji huo haufiki milimita moja. Ikishatokeza chini ya sikio, neva hupita ndani ya tezi ya mate ya shavuni na kugawanyika matawi makuu 5, yanayokwenda kwenye paji, jicho, shavu, taya na shingo.

Kazi yake haiishii kwenye tabasamu. Ndiyo inayofumba jicho na kukunja paji. Ndiyo inayobeba ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi, inayoziamsha tezi za machozi na mate, na inayouongoza msuli mdogo ndani ya sikio unaopunguza ukali wa sauti. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kulalamika kwamba chai haina ladha, kwamba sufuria zikigongana jikoni zinampasua kichwa, au kwamba alianza kuumwa nyuma ya sikio siku moja au mbili kabla ya mdomo kwenda upande.

Neva ikishambuliwa huvimba. Neva ya saba inapovimba ndani ya ule mfereji haina pa kutanukia, kwa sababu pande zote ni mfupa. Hali yake ni ya kidole kilichovimba ndani ya pete: kadiri uvimbe unavyoongezeka, ndivyo damu inavyozidi kubanwa. Damu ikipungua, nyuzi za neva huacha kupeleka amri usoni. Ubano ukidumu, nyuzi zenyewe huanza kufa.

Ugonjwa huu ni wa kale. Ar-Razi, tabibu mkubwa wa Uajemi aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10, aliandika juu ya kupinda kwa uso na kutenganisha kule kunakotokana na ubongo na kule kusikotokana nao. Jina linalotumika leo, kupooza kwa Bell, limetokana na Charles Bell, daktari mpasuaji kutoka Scotland. Mwaka 1821 Bell aliwasilisha mbele ya Royal Society ya London uchunguzi wake juu ya mishipa ya fahamu, akionyesha kwamba neva inayoutikisa uso si ile inayoupa hisia za kuguswa. Kwa zaidi ya karne moja baada yake, jina hilo liliandikwa kwenye faili la kila mgonjwa ambaye uso ulipooza ghafla upande mmoja na daktari asione chanzo.

Ugonjwa huu pia si wa nadra kama unavyodhaniwa. Takwimu za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya watu 100,000, watu 20 hadi 30 huupata kila mwaka. Kwa Tanzania, iliyohesabu watu milioni 61.7 katika sensa ya 2022, kiwango hicho kingekuwa sawa na wagonjwa wapya kati ya 12,000 na 18,500 kwa mwaka.

Mshukiwa mkuu

Mwaka 1972 daktari aitwaye McCormick aliandika katika jarida la Lancet kwamba chanzo cha kupooza huku huenda ni virusi vya hepesi simpleksi, vile vile vinavyosababisha malengelenge pembeni mwa mdomo mtu anapopatwa na homa. Wazo lake lilikuwa na mantiki. Virusi hivyo, hasa aina ya kwanza, vimeenea mno: Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani asilimia 64, wanavyo mwilini. Wengi huambukizwa utotoni kwa njia ya mate, na wengi wao hawaoni dalili yoyote maisha yao yote.

Malengelenge yakikauka, virusi haviondoki. Husafiri kwenye nyuzi za neva na kujificha katika mafundo ya seli za neva, vikisubiri siku kinga ya mwili itakapolegea. Fundo mojawapo la aina hiyo limo ndani ya ule mfereji wa mfupa, kwenye njia ya neva ya saba. Virusi vikiamkia hapo, uvimbe unaanzia mahali pabaya kuliko pote.

Mantiki peke yake haikutosha. Watafiti walipochunguza miili ya watu waliofariki kwa sababu nyingine kabisa, wasiowahi kupooza uso, walikuta vinasaba vya virusi hivyo hivyo katika fundo hilo hilo. Kukutwa mahali pa tukio hakumfanyi mtu kuwa mhalifu, hasa ikiwa pale ndipo anapoishi.

Ushahidi mzito ulitoka Japani. Mwaka 1995 watafiti waliwaambukiza panya virusi vya hepesi kupitia sikio na ulimi, na baadhi yao wakapooza uso kwa muda kisha wakapona, sawa na inavyokuwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata Shingo Murakami na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ehime walichapisha matokeo yao katika jarida la Annals of Internal Medicine. Walikuwa wamewafanyia wagonjwa upasuaji wa kupunguza ubano wa neva, wakachukua majimaji kutoka kwenye neva yenyewe na kipande cha msuli wa nyuma ya sikio. Kati ya wagonjwa 14 wa kupooza kwa Bell, 11 walikutwa na vinasaba vya hepesi simpleksi aina ya kwanza. Watu wengine waliopimwa kwa ulinganisho hawakuwa navyo. Safari hii virusi havikukutwa vimelala kwenye fundo. Vilikutwa kwenye majimaji ya neva iliyokuwa inaugua.

Dawa ya virusi yafeli mtihani

Baada ya hapo njia ilionekana kunyooka. Ikiwa ni virusi, basi mgonjwa apewe dawa ya kuua virusi. Asiklovia, dawa inayojulikana kwa kutibu hepesi, ikaanza kuandikwa kwa wingi.

Mtihani wenyewe ulifanyika Scotland, nchi ya Bell. Timu iliyoongozwa na Frank Sullivan wa Chuo Kikuu cha Dundee iliandikisha wagonjwa 551 kupitia hospitali 17, wote wakiwa ndani ya saa 72 tangu uso kupooza. Wengine walipewa prednisoloni, ambayo ni dawa ya jamii ya steroidi inayopunguza uvimbe; wengine asiklovia; wengine zote mbili; na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2007 katika New England Journal of Medicine. Baada ya miezi 3, asilimia 83 ya waliotumia prednisoloni walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya asilimia 63.6 ya wasioitumia. Baada ya miezi 9, waliopona walikuwa asilimia 94.4 dhidi ya 81.6. Asiklovia haikuongeza chochote. Mwaka 2008 utafiti mwingine wa Sweden na Finland, wenye wagonjwa zaidi ya 800, ulitumia dawa nyingine ya virusi na kufikia uamuzi ule ule.

Je, ina maana virusi vilisingiziwa? Si lazima. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba hadi uso unapoanguka, virusi vimekwisha kuzaliana na kufanya kazi yao. Kinachoendelea kuiumiza neva saa hizo ni mwitikio wa mwili wenyewe, yaani uvimbe uliobanwa na mfupa. Dawa ya virusi hufika ikiwa imechelewa. Dawa ya uvimbe inaweza kuwahi. Isitoshe, inawezekana kwamba chini ya jina la Bell yamekusanywa magonjwa kadhaa yanayofanana sura, baadhi yakiwa ya hepesi na mengine si yake.

Kwa hiyo miongozo ya tiba ilifikia msimamo wa kati. Mtu mzima apewe steroidi ndani ya saa 72. Dawa ya virusi isitolewe peke yake, lakini daktari anaweza kuiongeza juu ya steroidi, hasa uso ukiwa umepooza vibaya, kwa kuwa mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2019 yalionyesha kwamba mchanganyiko huo huenda ukapunguza kasoro zinazobaki baada ya miezi. Kwa watoto ushahidi wa steroidi ni hafifu: utafiti wa watoto 187 wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2022 haukuona faida ya wazi mwezi mmoja baadaye, na wengi walipona kwa vyovyote.

Mkanda wa jeshi, VVU na Uviko-19

Hepesi simpleksi si virusi pekee vinavyopindisha uso. Tetekuwanga ya utotoni nayo huacha virusi vyake kwenye mafundo ya neva. Vikiamka ukubwani huleta mkanda wa jeshi, vipele vyenye maumivu makali vinavyofuata njia ya neva moja. Vikiamkia kwenye neva ya saba, vipele hutokea sikioni au kinywani, na uso hupooza. Huo ndio ugonjwa alioueleza daktari wa neva wa Marekani, James Ramsay Hunt, mwaka 1907, na ndio uliompata Bieber. Katika utafiti wa Murakami, wagonjwa 8 kati ya 9 wa aina hii walikutwa na virusi vya tetekuwanga. Ugonjwa huu una makali zaidi kuliko kupooza kwa Bell: wengi zaidi hubaki na kasoro, na baadhi hupata kizunguzungu au hupoteza usikivu. Hapa dawa ya virusi hutolewa mapema pamoja na steroidi. Kwa hiyo anayepooza uso achunguzwe ndani ya sikio na kinywani, si usoni tu.

Afrika ina sababu ya kutaja virusi vingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, madaktari waliofanya kazi Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, waliripoti wagonjwa waliopooza uso ambao walikutwa na Virusi vya UKIMWI (VVU). Kupooza huku kunaweza kutokea wiki za mwanzo za maambukizi, wakati mtu hajijui kabisa na vipimo vya kawaida bado havijaonyesha, na kunaweza kushika pande zote mbili za uso. Ndiyo maana daktari akimshauri mgonjwa apime VVU, na pengine arudie kipimo baada ya muda, hamtuhumu tabia yake. Anafuata ramani ya ugonjwa.

Halafu ikaja Uviko-19. Katika majaribio ya chanjo ya Pfizer mwaka 2020, watu 4 waliochanjwa walipooza uso na hakuna hata mmoja wa kundi la ulinganisho, kati ya washiriki zaidi ya 40,000. Habari hiyo ilizunguka dunia kwa kasi. Iliyozunguka taratibu ni ya pili: uchambuzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2021 ulikuta kwamba walioambukizwa virusi vya korona walikuwa na uwezekano wa kupooza uso wa karibu mara 7 kuliko waliochanjwa. Aliyeikimbia chanjo kwa kuhofia uso alikuwa anakimbilia kwenye hatari kubwa zaidi.

Kisukari na ujauzito, hasa miezi 3 ya mwisho, navyo huongeza uwezekano. Usaha wa muda mrefu sikioni, jeraha la kichwa, uvimbe wa tezi ya shavuni na ukoma vinaweza kuidhuru neva hii pia, na tiba zake ni tofauti. Upepo wa feni au wa dirisha la basi haumo katika orodha yenye ushahidi. Feni inalaumiwa kwa kuwa ilikuwa inazunguka usiku ule, wakati neva ilikuwa imeanza kuvimba bila mwenyewe kujua.

Tazama paji

Mjomba aliyetamka kiharusi hakukosea kuogopa. Kiharusi kinapindisha mdomo pia, na ni dharura ya dakika, si ya siku. Kuna alama moja inayosaidia. Sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Upande mmoja wa ubongo ukikosa damu, ule mwingine huendelea kulikunja paji. Mwenye kiharusi kwa kawaida anaweza kuinua nyusi zote mbili na kufumba macho yote, huku mdomo umekwenda upande. Mwenye kupooza kwa Bell hawezi, kwa sababu neva imekatika mawasiliano kabla ya kugawanya matawi yake, hivyo paji, jicho na mdomo vyote vya upande huo vimelala.

Alama hiyo ni ya kumsaidia daktari, isitumiwe na familia kumzuia mgonjwa nyumbani. Mkono ukiishiwa nguvu, mguu ukiburuta, maneno yakivurugika, mtu akiona viwili viwili au akipatwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, paji likunjike lisikunjike.

Jicho kwanza, tabasamu baadaye

Wagonjwa wengi huhangaikia mdomo kwa sababu ndio unaoonekana. Chenye hatari ni jicho. Jicho lisilofumba hukauka. Vumbi na mchanga huingia. Kioo cha jicho huchubuka, hupata kidonda, na kidonda kinaweza kuacha kovu lisilopitisha mwanga. Uso unaweza kurudi baada ya miezi miwili na jicho lisirudi kamwe.

Kinga yake ni rahisi. Mchana mgonjwa atumie matone ya machozi bandia mara kwa mara na avae miwani anapotoka. Usiku apakwe mafuta maalumu ya macho aliyoandikiwa, kisha kope zifumbwe kwa plasta laini. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, aende kliniki ya macho bila kungoja miadi.

Prednisoloni ni dawa ya miaka mingi na imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Hata hivyo si dawa ya kununuliwa dirishani kwa kuonyesha uso. Hupandisha sukari kwa mwenye kisukari, hupandisha shinikizo la damu, na inaweza kuyapa nguvu maambukizi yaliyojificha, kifua kikuu kikiwemo. Aiandike mtaalamu aliyemsikiliza na kumpima mgonjwa.

Matumaini ni makubwa. Katika utafiti wa miaka 25 wa Copenhagen uliochapishwa na Erik Peitersen mwaka 2002, wagonjwa 1,701 wa kupooza kwa Bell walifuatiliwa bila kupewa dawa. Asilimia 85 walianza kuona dalili za kurejea ndani ya wiki 3, na asilimia 71 walipona kabisa. Takwimu hiyo pia inaeleza kwa nini kila mganga ana mashahidi: katika wagonjwa 10, 7 wangepona hata kama asingewapa chochote. Sifa humwendea aliyekuwepo karibu siku uso uliporudi.

Wale 3 waliobaki ndio wa kupiganiwa. Baadhi yao nyuzi za neva huota tena zikapotea njia, jicho likajifumba wakati wa kucheka au machozi yakatiririka wakati wa kula. Wapo wanaoacha kupiga picha, kuimba kwaya, hata kusimama mbele ya darasa. Na wapo wanaosonga mbele. Mwanasiasa Jean Chrétien wa Kanada alipooza upande mmoja wa uso ujanani na haukurudi. Mwaka 1993, katika kampeni za uchaguzi mkuu, chama tawala kilirusha tangazo la televisheni lililokuza picha za uso wake. Wananchi walighadhibika, tangazo likaondolewa upesi, na chama hicho, kilichokuwa kimekwishachokwa kwa sababu nyingine nyingi, kikabaki na viti 2 bungeni. Chrétien akawa waziri mkuu kwa miaka 10.

Msomaji, ukiamka au ukimwona mwenzako uso umeenda upande, usimtafutie adui wala usizime feni ukadhani umemtibu. Mfunikie jicho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, mwambie daktari saa ambayo dalili ilianza, na umwombe atazame sikio. Maombi na kukandwa vinaweza kufanyika hata mwezi ujao. Neva iliyobanwa ndani ya mfupa inahesabiwa kwa saa, na saa hizo ni 72.